Jumla Iliyokomea Mstari wa Kumi na Sita

Kikundi chetu cha mwethya ni wanawake ishirini na watatu wa upande wa Masii, tunaosaidiana kazi za shamba. Msimu uliopita tulichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, kisha afisa wa kilimo akataka ripoti iliyopigwa chapa. Kwa kuwa niliwahi kuwa mwalimu, kazi ikaniangukia.

Nilichora jedwali kwenye programu ya kuandikia barua: jina, halafu mita alizochimba kila mmoja. Chini kabisa nikaweka fomula ya kujumlisha. Ikaniletea mia tatu ishirini na sita. Mwenyekiti wetu, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, aliangalia mara moja akasema huo ni uongo. Yeye kwa hesabu yake ya kichwani alikuwa amepata elfu moja mia moja arobaini na nane.

Nilifuta, nikaandika upya. Mia tatu ishirini na sita. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha. Ile ile. Nimefundisha hesabu miaka thelathini, na sasa nilikuwa nabishana na mashine isiyojua kujumlisha.

Nikampigia binti yangu, anayefanya kazi ofisini Syokimau. Akauliza kama kuna kisanduku kitupu. Kilikuwepo, mstari wa kumi na sita. Akanieleza kwamba fomula hiyo inapanda kutoka chini, na ikikuta pengo inakomea hapo. Niweke sifuri tu.

Mstari huo ulikuwa wa mama aliyejifungua kabla hatujampimia. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya sifuri mwenyekiti aliponishika mkono.

“Hapana, Mwalimu. Huyu alichimba na mimba ya miezi minane. Twende tukapime.”

Tukaenda na utepe wa kupimia, jua la saa saba likituchoma, mimi nikinung'unika njia nzima. Yule mama alitoka na mtoto kifuani, akasimama kututazama. Mita kumi na tisa.

“Nilidhani mmenisahau,” akasema.

Tuliporudi nikaandika kumi na tisa. Jumla haikusogea hata kidogo. Nilikaribia kulia. Nikampigia tena binti yangu; akacheka, akasema jumla haijisahihishi yenyewe. Niiguse, nibonyeze F9. Nikabonyeza. Elfu moja mia moja sitini na saba.

Kazi ya asubuhi moja ilikuwa imenila siku mbili. Nilimwambia mwenyekiti kwamba ripoti ijayo ataiandika mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa, na sote wawili tulijua si kweli.