Chenza la Nyongeza

Juzi sokoni Darajani nilimwona mama wa Kijerumani, mumewe anajenga majumba ya Michenzani, kanunua fungu la machenza. Mzee muuzaji akamtilia moja la nyongeza. Mama akalirudisha, akidhani mzee kakosea.

"Kaikataa zawadi yangu!" mzee akanuna. "Basi asije tena kwangu!"

Mama machozi yakamlenga. Mimi nnajua lugha zote za bandarini, ila siku hiyo Kijerumani kilinikimbia. Nikalichukua chenza, nikalibandika kifuani kwa mzee, kisha nikalitia kikapuni mwa mama. Akafahamu. Akacheka, akanyoosha mkono, akajichukulia jengine.

"We bibi wee!" mzee akaangua kicheko, soko zima likatetemeka. "Keshakuwa mwenyeji huyu, atanifilisi!"

Walimu huwasomesha wageni mwaka mzima. Mimi, chenza moja tu.