Mipira Laini ya Nereo

Mume wangu Nereo ana moyo wa siagi. Muuza bima akipita, Nereo humkaribisha kahawa. Mbwa wa jirani akiingia jikoni, Nereo humtafutia kipande cha salami, halafu mimi ndiye ninayeonekana mkali. Mtu wa namna hiyo ndiye kocha wa timu yetu ya besiboli hapa mjini. Na wakili Abelardo, mwenye timu, ndiye aliyemtwisha mzigo wa kuamua kama Ysidro Mota aongezewe mkataba au aachwe.

"Watu wanakuja uwanjani kumtazama yeye," wakili alimwambia mlangoni kwetu, kofia mkononi. "Mimi ningempa mwaka mwingine. Lakini wewe ndiye unayemwona kila siku. Jumatatu nipe neno lako, nitalifuata."

Ysidro si mchezaji tu kwetu. Nereo ndiye aliyemshika binti yake ubatizoni, na tangu siku ile wawili hao ni kompadre, na sisi wake zao huitwa komadre. Kwetu sisi huo ni undugu unaopita wa damu. Kompadre hawatukanani, wala mmoja hamwaibishi mwenziwe mbele za watu, hata paa la nyumba likiwaka moto.

Uwanjani Ysidro husimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, pale mipira mikali inapopita chini kwa chini na mwenye miguu mizito huumbuka. Ujanani alikuwa akiidaka huku anacheka na wasichana wa jukwaani. Siku hizi amekaribia arobaini, na kuna mipira inayompita.

Wiki ile dukani kwa Chago hapakuwa na habari nyingine. Nilikwenda na Nereo kununua sukari, tukawakuta wanaume wa mtaani wamekaa na domino zao.

"Kocha, ukimwacha Ysidro, hapa kwangu hupati hata barafu!" Chago alipaza sauti.

"Na akimwongezea?" akauliza mcheza domino mmoja bila kuinua macho. "Ule mpira wa Jumapili hata bibi yangu angeuokota, na bibi yangu yuko kaburini."

"Bibi yako hakuwa na kompadre kocha!"

Wakaangua kicheko. Nereo naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. Tulirudi nyumbani bila sukari.

Ijumaa akaja Domitila, mkewe Ysidro. Alikataa kukaa.

"Kompadre," alimwambia Nereo, "kwa ajili ya mtoto uliyemshika, nakuomba usimwongezee. Shuleni wanataka mtu wa kufundisha watoto michezo, na wamemshikia nafasi. Akiikosa sasa, wanampa mwingine. Goti limevimba, anavaa suruali pana ili nisilione."

"Umemwambia mwenyewe?" niliuliza.

"Komadre, nimesema mpaka koo limekauka. Ananijibu hivi: kila asubuhi kompadre ananipigia mipira ya mazoezi na sikosi hata mmoja. Kama ningekuwa nimekwisha, kompadre angekuwa wa kwanza kuniambia."

Nereo aliangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna mtu alikuwa anazama humo.

Jumamosi Ysidro mwenyewe akaja, na papai kubwa mkononi. Alizunguka weee, mara mvua, mara bei ya mbolea, mpaka akafika alikokuwa anakwenda.

"Kompadre, sijawahi kukuomba kitu. Mwaka mmoja tu. Kwa ajili ya yule mtoto wetu. Bado nimo, wewe unajua."

"Nimekusikia, kompadre," Nereo akajibu.

Ysidro akaondoka anapiga mluzi. Mimi nikabaki nimeshika kiuno.

"Nereo, hebu nieleze. Mtu anapitwa na mipira Jumapili, halafu mazoezini hakosi hata mmoja. Inakuwaje?"

Aliliweka lile papai mezani. Kisha akaniambia kwamba mipira ya Ysidro anaipiga polepole, na anaielekeza kushoto, upande ambao goti linamruhusu kufika. Wengine wote anawapigia kwa nguvu.

"Sasa ningefanya nini? Vijana wote wamesimama pale wanatazama. Nimwaibishe kompadre wangu?"

Nilimkasirikia, sifichi. Nilimwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa akificha maradhi yasiyo yake. Alikubali kwa kichwa. Hakuwa amekusudia ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumatatu alfajiri, kabla vijana hawajafika, alimwita Ysidro uwanjani. Aliniomba niende naye. Nadhani aliogopa miguu yake ingemrudisha nyumbani. Nikakaa kwenye benchi na ndoo ya mipira. Nyasi zilikuwa zimelowa umande.

Nereo alichukua lile gongo jembamba la mazoezi, akapiga mpira wa kwanza. Laini, kushoto. Ysidro akaudaka kwa madaha.

"Umeona, komadre? Halafu Domitila ananiita mzee!"

Nereo akachukua mpira mwingine. Nikaona mabega yake yakipanda na kushuka. Akaupiga kwa nguvu zake zote, kulia. Ysidro alichukua hatua, goti likakataa, mpira ukapita.

"Umeamkia upande gani leo, kompadre?"

Wa pili wa kulia nao ukapita. Wa tatu Ysidro alijirusha, akaanguka kifudifudi kwenye udongo, na mpira ukaenda zake mpaka kwenye uzio. Aliinuka taratibu. Akaja kutukaribia huku anachechemea, wala hakujisumbua tena kuficha.

"Hiyo ndiyo mipira ya mechi?"

"Ndiyo," Nereo akasema.

"Na ile ya kila asubuhi?"

Nereo alilaza gongo kwenye nyasi.

"Tangu lini?"

"Tangu msimu wa juzi."

Ysidro alinigeukia. "Ulijua, komadre?"

"Tangu Jumamosi, kompadre."

"Na vijana?"

Hapo ndipo Nereo alipoanza kutoa machozi. "Wanajua. Wote."

Ysidro alivua glavu yake, akakung'uta udongo uliokuwa ndani. Nilitegemea matusi, na laiti angetukana. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mwambie wakili asiniongezee. Na useme ni uamuzi wako, usiseme mimi ndiye niliyetaka. Angalau hilo lifanye waziwazi."

"Nitasema hivyo, kompadre. Nilitaka kukulinda."

"Najua. Lakini ungenipigia mpira mmoja wa kweli mwaka juzi, ningeondoka watu wamesimama wananishangilia. Jukwaa zima, kompadre. Na binti yangu angekuwa amekaa pale anaona."

Nereo alikwenda mpaka kwenye uzio, akaanza kuokota ile mipira mitatu, na kila alipoinama alikawia kuinuka. Ysidro alimtazama kwa muda, kisha akaweka glavu kwenye benchi kando yangu na kuondoka.