Kosa Langu, Baba Akalibeba Mpaka Likawa Lake

Jamani, mashine ya kufyonza majivu ilianza kutoa moshi ikiwa bado mikononi mwa baba. Sebuleni kwa watu. Saa nne asubuhi.

Sio moshi wa kukohoa kidogo. Moshi mzito, mweusi, halafu moto ukachomoka kwa nyuma na kudaka pazia.

Baba aliikumbatia ile mashine kifuani kama mtoto mgonjwa, akatoka nayo mbio hadi uani. Alipoitupa chini, mikono yake haikuwa na kinyweleo hata kimoja.

Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, mama wa watu, alilimwagia pazia ndoo ya maji ya kudekia. Zulia likatoboka, ukuta ukawa kama umepakwa lami. Lakini wote tulitoka salama.

Naomba msinitukane mpaka nimalize.

Kwa wasiojua, kuna haya majiko ya chuma ya kupasha nyumba joto, yanayokula vidonge vya mbao. Ni vumbi la mbao limeshindiliwa, ukiliona utadhani chakula cha kuku. Unamimina juu, vinashuka vyenyewe kidogo kidogo, wewe umekaa unatazama moto kwenye kioo. Raha tupu.

Shida ni majivu. Usiposafisha yanaziba kila tundu, moshi unakurudia ndani.

Hapo ndipo tunapoingia sisi, mimi na baba.

Baba ameifanya kazi hii tangu sijazaliwa. Mkoba wake una brashi ndefu ya waya ya bomba la moshi, brashi laini ya feni, chuma cha kukwangulia chungu cha moto, pale vidonge vinapoungulia, kioo kidogo cha kuchungulia kona, na ile kamba nene isiyoungua ya kuziba mlango wa jiko. Akimaliza anabana karatasi mlangoni, anaivuta. Ikitoka kirahisi, kamba imechoka, anaweka nyingine.

Wateja walikuwa wanamtania aje awabanie karatasi kwenye ndoa zao, aone panapovuja.

Kazi yangu mimi? Kubeba vifaa, na kitu kimoja kikubwa: siku moja kabla, nimpigie mteja azime jiko. Majivu yanatakiwa yapoe mpaka kesho yake. Kaa dogo kama punje ya mtama linajificha humo masaa na masaa. Ukilifyonza linakaa kwenye chujio, hewa ya mashine inalipuliza, basi. Umewasha moto kwa mkono wako.

Siku ya kumpigia mwalimu, simu ilikuwa mkononi. Nilikuwa najibu komenti zenu.

Ndiyo, zenu nyinyi. Nilikuwa nimeacha simulizi yangu ya humu pabaya, watu wanadai mwisho wake, mimi kichwa kimevimba. Nikasema nitampigia baadaye.

Baadaye yenyewe haikufika.

Asubuhi kwenye gari baba akaniuliza kama nilimpigia mwalimu. Nikasema ndiyo, hata macho sikuinua.

Kumbe kule vidonge vilikuwa vimeisha alfajiri, jiko likazimika lenyewe. Tunaingia, halina moto, kimya. Mtu angesema limelala tangu jana. Baba akaniamini, akachomeka mashine.

Mengine mnayajua.

Mchana bosi wetu alitukalisha karakanani. Mwalimu alikuwa ameshampigia, amesema yeye hakupigiwa simu na mtu. Mimi nilikuwa na onyo la mwisho kwa sababu ya simu. Bosi aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba hajui kati yangu na simu ameajiri nani.

Akauliza nani alitakiwa kupiga.

Nikasema, "Ni baba. Siku hizi anasahau sana."

Baba akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu mfukoni na hakioni.

"Mama, si nilikuuliza kwenye gari?"

"Hapana, baba. Juzi ulisema utapiga mwenyewe."

Nilikuwa sijawahi kumdanganya kitu kikubwa maishani. Hakuwa na sababu ya kunitilia shaka. Akashusha macho kwenye ile mikono iliyobabuka, akamwambia bosi kwamba kama binti yake amesema hivyo, basi ndivyo ilivyokuwa.

Bosi akampumzisha kazi. Kwa heshima kabisa, akamshukuru, akampa mkono. Mimi nikabaki kazini.

Nilijipa moyo kwamba mzee kachoka, wacha apumzike. Nilijidanganya vizuri tu.

Tunaishi wawili, mama alishatangulia. Wiki ya kwanza nikaona kikaratasi kimebandikwa mlangoni: FUNGUO. Wiki ya pili kingine jikoni: ZIMA. Kisha bafuni. Kisha kwenye redio.

Akaacha kuendesha gari. Akaacha kupika, anasema asije akaunguza nyumba. Ukimwambia habari, anakuuliza kwa aibu kama ulishawahi kumwambia.

Na kila nikirudi kazini ananiomba radhi. Eti angeniua pale kwa mwalimu. Eti nimsamehe.

Mimi nasema yameisha, baba. Naingia chumbani nauma mto.

Miezi saba.

Mwishowe nikampeleka kwa daktari, nikiomba kimoyomoyo awe anaumwa kweli. Mnaona nilipofika? Nilitaka baba yangu augue ili uongo wangu uwe ukweli.

Daktari akampima, akamuuliza maswali kibao, akamtaka akumbuke hata ya utotoni. Akaniita pembeni akasema mzee hana tatizo lolote, kumbukumbu yake inaizidi hata ya daktari mwenyewe.

Nikamwambia baba. Akacheka, akasema yule daktari amelelewa vizuri, hapendi kuwavunja moyo wazee.

Hapo nikakatika maini.

Kesho yake nikaenda kwa bosi, nikasema yote, nimesimama. Akasema mzee arudi hata kesho, ila mimi nisionekane tena pale. Sikubisha.

Nikaruka hadi nyumbani. Kazi imekwenda, lakini nilikuwa na furaha ya ajabu, nampelekea baba maisha yake.

Nilimkuta anafuta vumbi mkoba wake wa vifaa. Nikapiga magoti, nikamweleza. Simu, komenti, kwenye gari, karakana, bosi. Nililia mpaka maneno yakawa yanatoka vipande.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza kitu kimoja tu, kama kweli bosi amenifukuza. Nikasema ndiyo.

Macho yake yakajaa.

"Mama, umekubali kupoteza kazi kwa ajili yangu?"

"Hapana, baba. Kosa ni langu. Nilidanganya."

"Una moyo kama wa mama yako," akasema. "Lakini usijitwike mzigo wangu. Mimi najijua. Nasahau."

Nikamwonyesha simu, tarehe ile, hakuna namba ya mwalimu niliyopiga. Akasema bila shaka haipo, kwani aliyetakiwa kupiga ni yeye.

Halafu, mbele yangu, akampigia bosi. Akambembeleza anirudishe, akamwambia binti yake ana huruma kupita kiasi, anadanganya ili amwokoe baba yake. Kuhusu kurudi yeye, akakataa. Akasema hawezi kuingia nyumba ya watu yenye moto na kichwa kama hiki.

Akanikabidhi mkoba, eti kazi sasa ni yangu.

Nimemwambia tena mara tatu tangu siku ile. Kila nikisema, ananishika kichwa na kunishukuru kwa kumfariji.

Uongo ulinichukua sentensi mbili. Ukweli nausema tena na tena, hauingii.

Wewe unayenisoma, kama kuna mtu anatembea na kosa lako, mfuate leo. Usidhani ukweli utakusubiri mpaka uwe tayari kuusema. Mwambie wakati bado anaweza kukukasirikia. Mimi ningetoa chochote baba anikasirikie.