Nilimpunguza Mama Miaka Kumi, Akanidai Yote

Mimi nilikuwa najigamba kwamba hakuna kitu duniani cha kunishangaza. Nimekimbia vita Fizi, kule Kongo, nimekaa kambini Kigoma mpaka nikaota mvi, nimefika Dallas na shati moja mgongoni. Shule niliishia darasa la nne. Leo nina malori matatu ya kuhamisha watu vyombo, Dallas mpaka Houston, na jina langu limeandikwa ubavuni mwa kila moja. Ndiyo maana hapa silitaji!

Lakini kosa ni langu. Hakuna wa kumsingizia.

Kule kambini, zamu yetu ya kuhojiwa ilipokaribia, ulizuka uvumi kwamba Amerika haichukui wazee. Nani alisema? Sijui! Nikaamini. Mama nikampunguza miaka kumi. Na mimi nikajipunguza minane, isije ikaonekana alinizaa akiwa bado anaruka kamba. Siku ya kuzaliwa tukaandika mosi Januari, kama kambi nzima.

"Mama," nikamwambia, "nimekurudishia usichana."

Jamani, tulicheka siku ile!

Huku akapata kazi ya kukunja mashuka katika hoteli moja Plano. Miaka ikaenda. Siku moja akarudi, akajitupa kwenye kochi, magoti yamevimba kama mikate.

"Papa," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "nimefika sitini na nane. Wenzangu wanakula pensheni, wanapiga soga kanisani. Mimi nakunja tu!"

"Hilo ni dogo," nikamjibu. "Unajua unaongea na nani? Kesho nakupeleka ofisi ya pensheni."

Dirishani tukamkuta dada Mkenya. Nikafurahi, tutaelewana! Akabonyeza kompyuta, akatabasamu.

"Boss, mum yako ako na fifty-eight. Bado ni msichana! Arudi after miaka nne."

"Msichana?" mama akaruka. "Mimi? Wajukuu wangu wanaoa! Mwulize huyu, kule kambini alini..."

Nikamkanyaga mguu.

"Uwiii! Mguu wangu!"

"Kuna shida?" dada akauliza.

"Hakuna, dada. Unajua wasichana, wana vituko."

Ndani ya gari mama alikuwa akijikanda mguu, mpaka tulipofika kwenye maghorofa ya Vickery Meadow tulikoanzia maisha. Ndipo akageuka.

"Ulinipunguza wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Hoteli inanipa dola mia nne thelathini kwa wiki. Jumatatu siendi. Kuanzia leo hoteli ni wewe."

Nikadhani utani. Utani gani! Ijumaa ya kwanza nilimpelekea kuku wa kukaanga na keki kubwa, nikitumaini atasahau. Alikula kuku, akala keki, akajifuta mdomo, akanyoosha mkono.

"Na cheki?"

Kanisani akawa ananisimamisha mbele ya watu. "Huyu mwanangu ndiye pensheni yangu!" Wanapiga makofi, wanapiga vigelegele, mchungaji ananikumbatia. Mimi ninayependa sifa kuliko chakula, nikawa natazama sakafu. Mama ananikonyeza tu!

Na msidhani yameisha. Mgongo wangu una miaka hamsini na miwili, karatasi inasema arobaini na minne. Nimewauliza wanangu, mimi nitalipwa na nani? Wakajibu bila hata kuinua macho kwenye simu: "Good luck, Dad."

Ndugu zangu mnaosubiri kuhojiwa, semeni umri wenu! Hata kama meno yamebaki mawili, semeni! Msimsikilize mjanja wa darasa la nne.

Mosi Januari mwaka huu mama "ametimiza" sitini na miwili, pensheni imeanza kuingia, kidogo lakini ni yake. Nikamwomba anifungie hesabu. Akapiga miaka minne ya Ijumaa nilizomlipa, bila kuruka hata moja, akajumlisha na dola hamsini za ule mguu niliomkanyaga: dola elfu themanini na tisa, mia nne na tisini.