Masanduku ya Cherehani

Mjukuu wetu wa kike anafanya kazi serikalini, kwenye mambo ya nchi za nje. Msimu huu wa kuchuma kahawa alipanda kuja kwetu mlimani na faili kwapani. Alikuwa anajiandaa kwenda ng'ambo kukutana na wenzake wa nchi nyingine, wakubaliane namna ya kuzuia silaha zisipitishwe bandarini kwa kificho. Akataka babu yake amsimulie, maana mume wangu alikuwa kuli kwenye bandari moja ya pwani, enzi za Mwingereza.

Mzee akasema hakumbuki kitu. Nikashangaa. Mtu huyu mpaka leo anawataja makuli wenzake wote pamoja na baba zao, nami majina hayo nimeyashika. Siyaandiki hapa, wana watoto na wajukuu.

Mjukuu hakumsukuma. Akaanza tu kumsomea karatasi zake: kila mzigo utakuwa na hati, na hati itakaguliwa kabla mzigo haujashushwa. Hapo mzee akacheka kidogo.

"Mke wangu," akamwambia mjukuu, ndivyo anavyomtania, "hati zilikuwepo. Zimeandikwa cherehani. Cherehani gani hiyo inabebwa na watu wanne?"

Ndipo akasimulia. Siku moja sanduku liliwaponyoka, likapasuka. Ndani ni bunduki tu, zimepakwa grisi. Nyapara akawasogeza pembeni, na jioni akampa kila mmoja blanketi jipya, akawaambia walichoona ni cherehani. Hakuna aliyefungua mdomo.

Akanitazama mimi, hakumtazama mjukuu.

"Lile blanketi ndilo nililompelekea mama yako."

Kwetu mwanamume akija kuoa, mama wa binti hupewa blanketi. Mama yangu alijifunika lile mpaka anafariki, na majirani walichoka kusikia akilisifu. Kumbe miaka yote hii mume wangu alikuwa akiiogopa siku nitakayojua limetoka wapi. Sasa alikuwa ananitazama kama mtoto aliyevunja chungu.

Nisiseme uongo, liliniuma. Niliziwaza zile bunduki, zilikwenda kumpiga mtoto wa nani. Halafu nikavuta kigoda changu nikakaa karibu naye, nikamshika mkono. Nikamwambia alikuwa kijana mdogo, na mama alikuwa anasikia baridi. Lakini amweleze mjukuu yote, asimpeleke kwa wakubwa na habari nusu.

Akaeleza mpaka jua likahama uani. Kwamba karatasi hudanganya, mabega hayadanganyi. Wapime uzito, wawaulize wabebaji, na wawalinde wakisema. Mjukuu akakata mstari mmoja kwenye karatasi zake na kuuandika upya.

Kisha akauliza kwa upole, hili la blanketi aliache, si ni la familia?

Mzee akanigeukia.

"Liandike," nikasema. "Ndivyo walivyonyamazishwa."