Vidole vya Mama na Vumbi la Mawe

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo kila nikiikumbuka siwezi kutulia kitini. Nilikuwa na miaka kama ishirini, hapa Nakuru, miaka michache baada ya uhuru. Baba alikuwa ametangulia zamani, na mama tulikuwa tumemzika mwaka uliopita. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule darasa la sita nikaenda kuchonga mawe machimboni, nipate kumlisha dada yangu Esther na wadogo zetu wawili. Asubuhi hiyo niliwapanga mlangoni kama askari, wakanyoosha mikono, nikaanza kukagua vidole.

Nilifanya hivyo kila siku kabla ya kwenda kazini. Mama alikuwa ameugua baridi yabisi, ile inayovimbisha viungo vya mikono yote miwili na kuvipindisha. Kifua ndicho kilichomuua, lakini miaka ya mwisho hakuweza hata kushika kijiko. Mimi ndiye niliyemlisha, na tangu hapo hofu haikunipa nafasi. Kwa kuwa jina la ugonjwa lina baridi ndani yake, niliwakataza watoto kugusa maji baridi. Nguo zao nilizifua mwenyewe. Majirani walinicheka wakaniita Mama Watoto.

Esther alikuwa na miaka kumi na saba, na alikuwa sura moja na mama: uso, mwendo, hata namna ya kucheka. Alikuwa akijifunza ushonaji katika duka la Bwana Karsan, fundi wa Kihindi aliyeshona sare za shule mjini. Asubuhi hiyo alisema kidole kinamuuma, alijidunga sindano jana. Mimi sikusikia sindano. Nilisikia mama. Nikaenda dukani mbio, nikamwambia Bwana Karsan kwamba dada yangu hatarudi, ana ugonjwa wa ukoo, na cherehani itamharibia mikono kabla ya wakati wake.

Esther hakulia. Aliikunja tepu yake ya kupimia, akaiweka chini ya godoro, na kwa wiki tatu alinijibu kwa neno moja moja. Nilijiambia atakuja kunishukuru. Nami nilikuwa nikizunguka chumbani kwetu kule Kaptembwo, dirisha limefungwa kwa ajili ya baridi, nguo zangu zimejaa vumbi la mawe, sigara moja ikiwashia nyingine.

Jumapili moja mama mdogo Rahabu aliteremka kutoka Kuresoi na gunia la viazi. Alikuwa pacha wa mama, na Esther alikuwa amemtumia ujumbe kwa siri. Aliposimama mlangoni nilirudi nyuma hatua moja, maana ilikuwa kama mama amerudi.

"Kwa nini huyu msichana yuko nyumbani?" akauliza hata kabla ya kuketi.

"Ana damu ya mama," nikasema. "Mikono yake itapinda."

Mama mdogo aliweka mikono yake mezani, akatandaza vidole. Vilikuwa vigumu kwa jembe, vyeusi kwa udongo wa viazi, na vimenyooka vyote kumi.

"Nihesabie vilivyopinda."

Nikavikagua kimoja kimoja. Hakuna hata kimoja.

"Mimi na mama yako tulikuwa tunafanana mpaka nyanya yetu akamfunga mmoja wetu uzi mkononi, mama yetu asije akamnyonyesha mmoja mara mbili. Sasa hii damu yangu mimi niliitoa wapi? Sokoni?"

Esther alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwa wiki tatu.

"Mimi si daktari," mama mdogo akaendelea. "Lakini mimi nimelima huko juu maisha yangu yote. Mama yako aliponda kokoto kwa nyundo hapo machimboni, vumbi likiingia puani kutoka asubuhi mpaka jioni. Sijui ni hilo. Najua tu kwamba damu ilikuwa moja, na maisha hayakuwa mamoja. Na wewe umefunga dirisha ukajaza nyumba moshi! Fungua hilo dirisha. Na hiyo sigara, iache."

"Mimi sina shida, mama mdogo. Nimefanana na baba."

"Pua ndiyo ya baba yako," akasema. "Vidole umeviuliza?"

Jumatatu alitupeleka mwenyewe kwa Bwana Karsan. Fundi alinitazama juu ya miwani.

"Wewe ulisema mkono yake itaharibika. Imeharibika?"

"Bado," nikajibu.

"Bado? Basi keti, dada, shona. Siku ikiharibika utaniambia wewe mwenyewe, si huyu."

Esther akaketi. Dirisha nililifungua. Sigara sikuacha, wala machimbo sikuacha. Niliamini uso wangu ulikuwa umenikinga.

Haikupita miaka sita, mwanangu. Nilianza kuamka mikono yote miwili imekakamaa, siwezi kufunga vifungo vya shati mpaka jua lipande. Nilisema ni uzito wa nyundo. Nilisema itapita. Nilipofika hospitali viungo vilikuwa vimekwisha kuanza kupinda, na nyundo sikuishika tena. Ni cherehani ya Esther iliyowasomesha wadogo zetu, ile ile niliyotaka kumnyang'anya. Yeye ana uso wa mama mpaka leo, na hajaugua.

Miaka mingi baadaye daktari alinieleza. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vya mwili huohuo. Mtu anaweza kurithi wepesi wa kuupata, na urithi huo haukai usoni mtu auone. Lakini wengi hurithi wasiugue kamwe. Mara nyingi lazima kitu kingine kiongezeke: moshi wa sigara zaidi ya vyote, vumbi la mawe, na mengine ambayo hata madaktari hawajayajua yote. Pacha mmoja huweza kuugua na mwenzake asiugue. Wanawake huugua zaidi ya wanaume, na hilo pia halikunikinga. Kama nisingevuta, nisingeugua? Nilimuuliza. Akasema hakuna awezaye kuapa hivyo. Swali hilo bado linanitembeza uani.

Nimekuona ukitazama vidole vyangu, kisha ukitazama vyako. Usijihukumu kwa kioo, wala usijiachilie kwa kioo. Usimfungie mtu maisha yake kwa ugonjwa ambao hajaupata. Urithi hukuuchagua. Moshi unaweza kuukataa, na vumbi unaweza kufunga pua na mdomo ukilikaribia. Na ukiamka mikono yote miwili imevimba na kukakamaa, siku baada ya siku, usitafute sababu za kungoja kama mimi. Nenda kwa daktari wiki hiyohiyo, umwambie wazi nani aliugua kwetu, maana dawa zikiwahi huokoa viungo.

Mungu akuzidishie afya na akili ya kuitunza. Akupe kazi unayoipenda, na watu wa kukuambia ukweli ungali na nafasi ya kuusikia. Nenda kwa amani, mwanangu.