Mapafu ya Mtu Mwingine Huko Petta

Busia, asubuhi. Mama alinituma ng'ambo ya mpaka kumwokoa kaka yake. Mjomba Owori huishiwa pumzi akishika jembe, lakini picha ya eksirei ilitoka safi, na nduguze wakaamua ni mvivu. Jumamosi hiyo wangekaa kumnyang'anya shamba. "Umesoma fizikia," Mama alisema. "Nenda ukaseme kitu." Nilichapisha picha moja ya mapafu, nikaondoka.

Mpakani, ofisa wa Uganda aliikagua. "Hii mapafu ni ya nani?"

"Simjui."

"Nabeba mapafu ya mtu hujui?" Akanipisha, nadhani kwa huruma.

Tororo, saa sita, nilipanda boda. Kijijini Petta nilimkuta Mjomba na nduguze wameuzunguka mtungi wa pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Nikawaeleza: eksirei huonyesha umbo la pafu, si safari ya hewa. Kuna gesi iitwayo zenoni. Huchangamshwa kwa leza, mgonjwa huivuta kabla mchangamko haujaisha, na mashine ya MRI huona ilipofika. Pasipofika hubaki giza. Nikatoa picha: pafu lenye mapengo kama shuka lililoliwa na panya.

"Maskini Owori!" akalia Obbo, kaka mkubwa. "Kumbe nakufa, sisi nasema mvivu!"

Mjomba akainamisha kichwa kwa unyonge wa kupendeza. Kesi ilikuwa imekwisha. Ningenyamaza tu.

"Hayo si mapafu yake," nikasema. "Ni ya mgonjwa wa mbali. Mashine hiyo huku haipo."

Mjomba alinitazama kama nzige shambani. "Mama yako natuma wewe kuniua?"

Obbo akacheka, akavuta mrija. Patupu. Akaugeuza, akaukagua. "Huu ni mzima."

"Umeziba?" nikauliza.

"Imeziba na machicha, hakuna kitu nakuja!"

"Umejua kwa kuutazama au kwa kuvuta?"

Akaupuliza mrija. "Lakini hata uvivu iko."

"Inawezekana," nikakiri. "Sijui."

Wakaamua shamba libaki la Mjomba hadi apimwe pumzi hospitali ya rufaa. Wakati huo atalima yule aliyeleta shaka.

Nililima siku tatu. Siku ya mwisho Mjomba aliniletea maji. Toka nyumbani hadi shambani alikaa chini mara mbili, na hakujua ninamtazama.

Jumatano nilivuka mpaka na malengelenge viganjani. Nimejifunza kwamba ukimvua mtu uongo uliomkinga, usimwachie jembe; lishike wewe.